Heringi wa moshi wa Boulogne: tumpime kwa mateso yake

Ufaransa ya karne ya 15 na ya 16 ilikuwa na sermon joyeux, mahubiri ya kuchekesha yaliyosimulia maisha ya watakatifu wasiopata kuwepo. Mmoja ni Kitunguu, mwingine Paja la Nguruwe. Anayetupendeza zaidi ni Saint Hareng, samaki heringi, mfiadini mtukufu aliyevuliwa baharini akapelekwa Dieppe, bandari ya Ufaransa. Waliomcheka walimjua vizuri, maana Kwaresima nyama ilikatazwa siku 40 na heringi ndiye aliyejaa sahanini.

Mateso yake ndiyo kazi yenyewe ya kumtengeneza, kwa hiyo hareng saur, yaani heringi wa chumvi na moshi, wa bandari ya Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, tunampima kwa hayo hayo.

Kwanza chumvi. Ikiingia sawasawa, mnofu hukaza na ukiukunja hauvunjiki. Ikiwa kidogo, katikati hubaki laini kama uji, karibu na mfupa.

Kisha moshi wa mwaloni, na hapa ndipo wengi huharibu. Moshi uwe wa baridi, chini ya nyuzi 30. Joto likizidi samaki huiva, mafuta humtoka na minofu humeguka ukiigusa kwa kisu. Akiingizwa chumba cha moshi bado ana majimaji, masizi humganda na ladha huwa chungu. Ngozi ikauke kwanza hadi inate kidogo kidoleni. Aliyefaulu ana rangi ya dhahabu iliyokolea, na ananukia kuni, si lami.

Wa Boulogne aliyetengenezwa hivyo anastahili sifa kubwa. Nunua mzima kuliko minofu ya pakiti: mayai humo ndani, akiwa jike, ni matamu, na ngozi humlinda asikauke. Kumenya, anzia kichwani uvute kuelekea mkiani. Vimiba vyembamba hubaki. Vitoe kwa kibano, kisu hukata nyama bure.

Chumvi yake ni kali, hilo ndilo kosa lake la kweli. Loweka gramu 200 za minofu katika maziwa saa 3 hadi 6, kausha kwa kitambaa, panga kwenye bakuli na kitunguu kimoja na karoti moja vya duara nyembamba, pilipili manga nzima, halafu funika kabisa kwa mafuta ya alizeti. Ya zeituni huganda kwenye friji. Acha siku moja au mbili.

Mapokeo yasema mfiadini Mtakatifu Laurenti alichomwa juu ya chanja ya chuma, na heringi naye huchomwa hivyo. Minofu usiichome: mafuta hudondoka, chumvi inabaki. Mzima huvumilia, dakika 2 au 3 kila upande, juu ya makaa yaliyofifia.

Minofu ya bakulini huliwa na viazi: gramu 500 vichemshwe na maganda, vimenywe vingali moto, vichanganywe na mafuta yaleyale ya bakulini kabla havijapoa, maana kiazi kilichopoa hakinywi mafuta.