Kadi ya kulipia mtandaoni ukiwa Kigoma: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kila kampuni kubwa ya teknolojia inapotangaza jambo kuhusu kadi yake ya mkopo, swali ni lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp: na sisi tunaipataje? Nianze na hilo. Apple Card, ile ya titani isiyo na namba juu yake, ilizinduliwa Marekani mwaka 2019 kwa ushirikiano na benki ya Goldman Sachs, ikapita kwenye mtandao wa Mastercard. Anayeiomba lazima awe mkazi wa Marekani, mwenye anwani ya huko na namba ya utambulisho ya huko. NIDA yako haitoshi. Akitokea mtu anataka umtumie hela akuombee, usimtumie hata shilingi, huyo ni tapeli.

Na hata ingepatikana, tazama sehemu ya matumizi yako inayokurudishia: 3% ukinunua kwa Apple wenyewe, 2% ukilipa kwa simu kupitia Apple Pay, 1% ukichanja kadi yenyewe. Anayenunua dagaa Kibirizi au mawese pale Mwanga analipa taslimu au kwa Lipa Namba, sasa hiyo asilimia ataipatia wapi? Zawadi za namna hiyo zinamfaa mtu ambaye karibu matumizi yake yote ya mwezi yanapita kwenye kadi.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kadi ya kazi gani. Wengi hapa mjini na Ujiji wanaitaka kwa mambo matatu: kubusti tangazo la vitenge Facebook na Instagram, kulipia programu kila mwezi, na kuagiza kitu kutoka nje. Kwa kazi hizo, mimi napanga hivi.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya kidijitali ya mtandao wa simu, mfano ile ya Visa iliyo ndani ya M-Pesa. Si kadi ya mkopo. Ni namba 16, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za siri, vyote vikiwa kwenye simu, na kinachotumika ni hela uliyoweka mwenyewe. Naipenda kwa sababu moja kubwa: namba ikiibiwa, mwizi anakuta salio dogo uliloliacha humo, hafiki kwenye akiba yako. Pia inakukinga na zile huduma za "jaribu mwezi mmoja bure" ambazo mwezi wa pili zinakata zenyewe ukiwa umeshasahau. Kadi ikiwa haina kitu, hawana cha kukata.

Kuna mahali watu wanakwama, nalo ni kuweka hela kamili kabisa. Tuseme tangazo ni dola 5 na dola umeihesabu Sh 2,600. Unaweka Sh 13,000, malipo yanakataliwa, unailaumu kadi. Lakini VAT ikiongezwa, tuseme ya 18%, deni tayari ni Sh 15,340, na kiwango cha dola kinachotumiwa na kadi huwa juu kidogo ya kile ulichokiona Google. Tovuti nyingine hukata kwanza kiasi kidogo kujaribu kama kadi ni hai, kisha hukirudisha baadaye. Weka ziada. Tovuti ikikupa chaguo la kulipa kwa shilingi badala ya dola, linganisha kabla ya kubonyeza, maana mara nyingi hapo muuzaji anakuwa amejiongezea faida kwenye ubadilishaji. Udhaifu wa kadi hii ya simu ni kwamba hoteli na wakodishaji magari wa nje mara nyingi hawaipokei kadi ya kulipia kabla.

Ya pili ni kadi ya kawaida ya benki, kama TemboCard ya CRDB au Mastercard ya NMB. Benki zote mbili zina matawi hapa. Inakubalika sehemu nyingi zaidi na inatoa hela ATM. Hofu yangu ni kwamba imefungwa kwenye akaunti inayoingiza mshahara. Fungua akaunti ya pili yenye hela kidogo, uombe kadi ya hiyo, kisha waulize kama malipo ya mtandaoni yamewashwa na kikomo cha siku ni kiasi gani.

Ya tatu ndiyo kadi ya mkopo yenyewe, na hapa naomba utulie. Benki inakulipia leo, mwisho wa mzunguko inakuletea ankara, na ukilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida manunuzi hayo hayana riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaanza kula. Chukua mfano wa deni la Sh 1,000,000 kwa riba ya 3% kwa mwezi, ukilipa Sh 50,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni Sh 30,000, deni linapungua Sh 20,000 tu. Utamaliza baada ya miezi kama 31, ukiwa umelipa takriban Sh 550,000 za riba. Ukitoa taslimu ATM kwa kadi hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa kawaida riba huanza siku hiyo hiyo na kuna ada juu yake.

Mwajiriwa anayesafiri kikazi, anayelipa ankara yote kila mwezi, aiombe. Mtu wa dagaa namsihi asubiri. Wavuvi wa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu kazi inasimama, hela haiingii. Tarehe ya ankara haijui mambo ya mbalamwezi, na ukichelewa taarifa zako zinaingia kwenye kanzidata ya wakopaji, ambako benki nyingine zitaziona siku ukitaka mkopo wa boti au injini. Ukienda kaunta, uliza riba ni ya mwezi au ya mwaka, ada ya kadi kwa mwaka ni shilingi ngapi, na makato ya malipo ya dola ni asilimia ngapi. Wakuandikie.

Huduma kama Songesha ya M-Pesa, ya kukamilisha malipo salio lisipotosha, naiweka ya nne. Inafaa kwa dharura ya siku moja mbili. Deni hukatwa hela ikiingia tu, na ada hukua kadiri unavyochelewa.

Mwisho kabisa ni programu za mikopo ya haraka, ndugu zake kausha damu. Nyingine husoma majina yote kwenye simu yako, kisha humpigia hadi mkweo kukudai. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Kabla hujapakua yoyote, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya BoT. Lisipokuwepo, acha hapo hapo.