TAHADHARI: Broka wa malkia wa chungu (sisimizi) Naivasha na Gilgil

Wakaazi wa Naivasha, Gilgil na pande zote hizi za Nakuru, hasa mlio na vijana wanaokaa nyumbani bila kazi, tafadhali someni hii na muisambaze.

Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akitafuta vijana wa "kibarua cha mvua". Kazi yenyewe ni kutoka mapema mvua ikishanyesha, kuokota malkia wa wale chungu wakubwa wekundu wanaovuna mbegu za nyasi, na kumtia kila mmoja kwenye kimrija cha plastiki chenye pamba iliyoloweshwa maji. Mpwa wangu aliahidiwa shilingi 100 kwa kila malkia, ila kwanza atume 1,500 za "kibali". Akatuma. Alipopeleka mzigo, yule bwana akadai nusu wamekufa, akamrushia mia tatu, na tangu hapo simu haishikwi.

Hizo pesa zingekuwa ndizo hasara pekee ningenyamaza. Lakini kumbukeni Aprili 2025: vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa kwenye gesti papa hapa Naivasha wakiwa na chungu kama 5,000 kwenye mirija ya aina hiyohiyo. Kwa kesi nyingine walishikwa Mvietnamu mmoja na Mkenya mwenzetu, na chungu kama 400. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka mzima ndani. Mkenya naye alipigwa milioni ileile. Ulaya malkia mmoja aliripotiwa kuuzwa hadi pauni 170. Nani atamlipia faini kijana wa shilingi mia?

Broka anawaambia "mdudu si mnyamapori". Ni uongo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inawalinda wadudu wa porini pia. Ile barua yenye nembo anayotuma kwa picha isiwababaishe. Vibali vya utafiti na vya kusafirisha viumbe hutoka NACOSTI (tume ya sayansi), NEMA (mamlaka ya mazingira) na KWS (shirika la wanyamapori), na hupewa mtafiti mwenyewe. Hakuna kibali cha kuokota chungu kinachouzwa kwa M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi.

Na inaniuma kwa sababu nyingine. Malkia anayeonekana akitembea chini baada ya mvua, mabawa ameshayaacha, anatafuta mahali pa kuchimba aanzishe kundi jipya. Ukimwokota, kundi hilo halipo tena. Na ni chungu hawa wanaosambaza mbegu za nyasi tunazolishia ng'ombe.

Kama amekutumia ujumbe, usiufute. Hifadhi namba, sauti alizorekodi na meseji za M-Pesa, uzipeleke ofisi ya KWS iliyo karibu au kituo cha polisi. Mirija ukiwa nayo, usiibebe kwenye matatu. Piga simu kwanza uwaulize la kufanya. Sisi tayari tumeandikisha taarifa, na mkiongeza zenu itakuwa rahisi kumfuata.