Kujifunza udalali wa ardhi Kampala: mwalimu wa ofisini au wa mtaani?

Anayeanza udalali Kampala ana milango miwili. Wa kwanza ni kampuni yenye ofisi: anapewa kitambulisho na mkubwa wa kumwongoza, na malipo yake huwa ni mgao wa kamisheni, si mshahara. Wa pili ni madalali wa mtaani, wale wanaokaa kando ya barabara Kyanja, Kira au Namugongo wakisubiri mteja ashuke kwenye boda. Wa ofisini anajua makaratasi, wa mtaani anajua udongo na watu wake. Ukilazimika kuchagua mmoja, mchague atakayekubali kukupeleka ofisi ya ardhi, hata kama hana meza wala kiyoyozi.

Tunasema hivyo kwa sababu ya upekuzi wa hati, yaani kukagua rejista ya serikali kuona ardhi ni ya nani na ina kizuizi gani. Mwalimu anayeufanya peke yake, kisha akakuonyesha majibu kwenye simu, hajakufundisha kitu. Mzuri anakutuma wewe ujaze fomu, ulipie benki na uichukue ripoti. Unajifunza mapema kwamba kiwanja cha Namugongo kinapekuliwa ofisi ya kanda ya Wakiso, si ya Kampala, na kwamba hati ya mailo (umiliki wa ardhi wa kudumu wa Buganda) haitafutwi bila jina la kaunti, namba ya bloku na namba ya ploti. Ripoti ikitoka, wanagenzi wengi husoma jina la mwenye hati na kufunga faili, ilhali balaa hukaa chini yake: kaveti (zuio lililosajiliwa na mtu anayedai haki kwenye ardhi hiyo), au rehani ya benki. Halafu kuna ukubwa. Muuzaji anataja fiti, hati inaandika hekta. Kiwanja cha fiti 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046, yaani desimali 11 na nusu (desimali moja ni sehemu ya mia ya eka). Hati ikisema 0.040, kwa upana uleule wa fiti 50 urefu umepungua karibu fiti 14, na hapo ni kazi ya mpima kuja kufungua mipaka, yaani kuipima upya, kabla ya shilingi yoyote kutoka. Mwalimu makini hurudia upekuzi siku ya malipo, maana kaveti inaweza kuingia kati ya upekuzi wa kwanza na siku hiyo.

Kwenye kibanja, yaani kipande anachokaa au kulima mtu juu ya mailo ya mwingine, mwalimu wa mtaani anamshinda wa ofisini kwa mbali. Ripoti inaweza kuwa safi kabisa na bado ardhi ina mtu, kwa sababu mwenye kibanja kwa kawaida haandikwi kwenye rejista ya hati za mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda, na marekebisho ya 2010 yanasema haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu, ada ya mwaka anayomlipa mwenye mailo. Dalali mzoefu akifika shambani haanzi na bei. Anaangalia migomba imepandwa na nani, kama kuna makaburi, kisha anakwenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kwa majirani wa pande zote. Anauliza pia kama muuzaji ana mke au mume, kwa kuwa ardhi ambayo familia inaishi haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Na kama kinachouzwa ni kibanja chenyewe, anamtafuta mwenye mailo kwanza, kwa ridhaa na kwa ile kanzu (malipo ya heshima kwa mwenye ardhi), kabla mnunuzi hajasaini.

Ubaya wa mtaani ni cha juu, pesa ambayo madalali huongeza kwa siri juu ya bei ya muuzaji. Mwenye shamba anataka milioni 60, madalali watatu wanapokezana, mnunuzi anatajiwa 75. Siku pande mbili zikikutana uso kwa uso, biashara imekufa na jina lako limekufa nayo. Mwalimu anayekufundisha kumficha muuzaji asionane na mnunuzi, mkimbie.

Wateja wanaozungumza Kiswahili wengi hutoka Kongo, Kenya na Tanzania, na hapa hata ofisi kubwa huteleza: asiye raia hapati mailo wala umiliki huru, anapata lizi (ukodishaji wa ardhi kwa muda) isiyozidi miaka 99. Uraia uulizwe kabla ya kuzungusha mtu viwanjani.

Upande wa kupangisha ni mwepesi, unashikika haraka. Ijue tu sheria ya 2022: kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mkataba wa kuanzia shilingi 500,000 uwe wa maandishi.

Kuhusu gharama ya mwalimu mwenyewe, mgao wa nusu kwa nusu ni wa haki ikiwa mteja ni wake na miguu ni yako. Mteja akiwa wako, usikubali chini ya hapo. Yaandikwe kabla ya kuonyesha kiwanja cha kwanza: nani anapokea kamisheni, wewe unalipwa lini baada ya yeye kulipwa, na mteja uliyemleta akinunua baada ya wewe kuondoka, fungu lako linabaki au linapotea. Hilo la mwisho ndilo wengi husahau kuuliza.