Saa isiyotumia betri ya kuvaa kila siku hapa Dodoma: nunua ipi?

Habari zenu wadau, karibuni mezani. Nina saa tatu za mkononi hapa, zote ni otomatiki, yaani hazitumii betri, zinajijaza zenyewe mkono unapotikisika: Seiko 5 Sports ya milimita 40, Orient Bambino, na Citizen Tsuyosa. Swali ninaloletewa na watu wa hapa mjini halibadiliki sana: "Kaka, nina laki saba, nane, nataka otomatiki moja tu. Nivae ofisini kule Mtumba, mji wa Serikali, nivae harusini, na Jumamosi niende nayo Hombolo kwenye shamba la zabibu. Nichukue ipi?"

Jibu nakupa sasa hivi, mwenye bando dogo asije akaishia njiani. Chukua Seiko, ile isiyo na pete ya kuzunguka pembeni ya kioo. Siyo nzuri kuliko zote hapa mezani. Kwa sura, hii Citizen inaiacha mbali. Naichagua kwa sababu chochote kitakachoharibika kwake, kuanzia mkanda mpaka mashine ya ndani, kinapatikana bila kuhangaika na kinafungwa na fundi wa hapa hapa. Haya, wenye bando tuendelee.

Kwanza tuwekane sawa. Kama unachotaka ni saa inayokwenda sambamba na simu yako, zima video hii ukanunue Casio ya betri, na hela itabaki. Sitanii. Saa ya betri ya bei ya chini inaishinda otomatiki ya milioni kwa kushika majira. Seiko wenyewe wanasema mashine hii, 4R36, inaweza kuzidi hadi sekunde 45 kwa siku au kuchelewa hadi sekunde 35. Piga hesabu: ikizidi hivyo wiki nzima, ni dakika tano na ushei. Na ikichelewa, treni ya SGR haikusubiri. Saa nyingi hazifiki huko kwa kweli, lakini usinunue ukitegemea bahati. Mwenye otomatiki anajua kwamba mara moja kwa wiki anaangalia simu na kuirekebisha, basi.

Sasa utamu wake uko hapa, ngoja nisogeze kamera. Unauona mshale wa sekunde? Hauruki, unateleza. Ukiutazama kwa karibu sana utaona unapiga hatua ndogo sita ndani ya sekunde moja, maana mashine inapiga mara 21,600 kwa saa. Nikivuta kitufe hiki cha pembeni mpaka mwisho, mshale unasimama pale pale. Hapo unasubiri simu ifike sifuri, unarudisha kitufe, zinaondoka pamoja. Seiko 5 za zamani zenye mashine ya 7S26 hazifanyi hivyo, na wala huwezi kuzijaza springi kwa kuzungusha kitufe. Zikilala, unazitikisa tu mpaka ziamke.

Nageuza nyuma. Hii nusu duara ya chuma inayobembea ndiyo inayojaza springi kila unapotikisa mkono. Ukipungia bajaji, umejaza. Seiko wana kidude wanachokiita Magic Lever, kilichotoka mwaka 1959, kinachoiwezesha nusu duara kujaza ikizunguka kulia na hata ikizunguka kushoto. Sasa sikiliza hii Citizen nikiizungusha hivi... vrrrr. Umesikia? Mashine yake inajaza upande mmoja tu, upande wa pili inazunguka bure, ndiyo ule mlio. Siyo ugonjwa, usimrudishie mtu wa watu saa yake. Lakini kwenye kikao kilichotulia, jirani yako anaweza kusikia.

Ikijaa vizuri, Seiko hii inakaa saa 41 bila kuvaliwa. Maana yake nini? Umeivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, inakufa Jumapili kwenye saa tano asubuhi, na Jumatatu unaanza upya kuweka majira, siku na tarehe. Kwa anayevaa saa moja tu hiyo siyo shida, kwa sababu Jumamosi itakuwa mkononi. Zipo zinazokaa saa 80, kama Tissot PRX ya Powermatic 80 kutoka Uswisi. Saa nzuri sana ile, nakubali. Bei yake tu ndiyo inaitoa kwenye mazungumzo ya leo.

Tuje kwenye mambo ya Dodoma sasa, maana wachambuzi wengi wa saa wanaongea kama vile sote tunaishi kwenye baridi ya Ulaya. Sisi tuna vumbi. Kuanzia Julai upepo ukishika kasi, hakuna dirisha linalozuia. Vumbi hili lina mchanga, na mchanga una madini ya kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida cha saa kiko chini ya hapo, na hata hiki cha Seiko wanachokiita Hardlex, pamoja na kukomazwa, bado mchanga unakikwaruza. Kioo cha safaya, kama cha hii Citizen, kina ugumu wa 9, mchanga haukiwezi. Hapa Citizen inashinda wazi na mimi sipindishi maneno. Upande wa pili, safaya ikigongwa vibaya kwenye nondo inaelekea kupasuka kuliko kioo cha kawaida, na kukibadilisha ni gharama kubwa zaidi. Kwa Seiko ushauri wangu ni mdogo tu: ukiona vumbi kwenye kioo, usilifute kavu na shati. Mwagia maji kwanza, au lipulize.

Vumbi ndilo linalonifanya nikatae ile pete ya kuzunguka. Saa za namna ya wapiga mbizi zina pete juu, ukizungusha inatoa tik tik tik, inapendeza dukani. Chini ya pete kuna mwanya, na vumbi likichanganyika na jasho huko linakuwa tope, kisha linakauka, na pete inagoma. Inatolewa, inasafishwa, sawa. Lakini wewe uko Mtumba kwenye kompyuta, ile pete unaipimia mbizi gani?

Maji. Namba zilizoandikwa nyuma ya saa zinawachanganya watu. Mita 30 haimaanishi uzame nayo mita 30. Ni kipimo cha mgandamizo kiwandani kwenye saa iliyotulia. Bambino ina mita 30: mvua ya kawaida na kunawa mikono, usiende mbali zaidi. Citizen ina 50. Seiko hii ina mita 100, unaogelea nayo, unaoshea gari, unakinga mvua za Januari ukiwa juu ya bodaboda bila kuihamishia mfukoni. Sharti ni kwamba kitufe kiwe kimerudishwa ndani kabisa. Na mipira ya ndani inayozuia maji inazeeka, kwa hiyo saa ya mtumba iliyoandikwa mita 100 ichukulie kama ina sifuri mpaka fundi aipime.

Mkanda sasa, na hapa ndipo Bambino na Citizen zinaponiudhi. Upana kati ya yale masikio yanayoshika mkanda kwenye Seiko hii ni milimita 20. Upana huo uko kila mahali, wa ngozi, wa nailoni, wa mpira, hata kwa wamachinga. Bambino ya milimita 40.5 wameipa 21. Ishirini na moja! Mkanda wa 20 unacheza, wa 22 unabanwa unajikunja pembeni. Nunua basi Bambino ya milimita 38, ambayo ina 20, na kwa suti ni saa inayopendeza mno. Kioo chake kimevimba kidogo kama saa za babu zetu. Citizen ndiyo usiseme: mkanda wake wa chuma umeungana na umbo la saa yenyewe, huwezi kuingia dukani ukachomoa mkanda wowote ukavalisha. Kwa jua la hapa la saa nane mchana, mkanda wa ngozi unalowa jasho na baada ya muda unanuka, wote tunajua. Mimi nauacha wa ngozi kwa ajili ya ofisi na harusi, shambani navalisha nailoni, dakika mbili tu na kisu kidogo. Citizen haikupi nafasi hiyo, na saa isiyobadili nguo hainifai kwa wiki nzima.

Turudi kwa fundi, maana ndiye mwamuzi wangu. Pale Majengo na mitaa ya katikati ya mji mafundi saa wapo, na meza zao za vioo. Wengi wanaishi kwa betri na kukata mikanda, siyo dhambi. Kabla hujamkabidhi otomatiki, muulize kwa upole: "Fundi, hizi unazifungua? Unatumia mafuta gani?" Akichomoa kichupa cha mafuta ya cherehani, mshukuru, ondoka. Saa inawekewa tone ambalo hulioni vizuri bila lenzi, na mafuta yake ni maalumu. Hata ukikosa mtu wa kuisafisha kipande kwa kipande, mashine ya Seiko hii ina ndugu yake anayeuzwa peke yake duniani kote kwa jina la NH36. Ni mashine ileile kwa kazi, na inauzwa kwa makumi ya dola, siyo mamia. Fundi mwenye mkono mtulivu anatoa nzima, anaweka nzima. Citizen nayo mashine yake inatoka kwenye ukoo wa Miyota 8200, unaotumika na makampuni mengi, kwa hiyo kwenye hili haina mashaka sana. Bambino ndiyo yatima: Orient wanatengeneza mashine zao wenyewe kwa ajili ya saa zao, na kipande chake huku kwetu utakisubiri.

Jambo la haraka kuhusu sumaku. Kama saa ilikuwa inakwenda vizuri na ghafla inazidi dakika nyingi kwa siku, mara nyingi imeshikwa na sumaku, labda ya spika au ya kava la simu. Isogeze kwenye dira ya simu. Sindano ikicheza, umepata jibu. Kuondoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa fundi mwenye kifaa chake. Usikubali kufunguliwa saa kwa sababu hiyo.

Kuhusu kununua. Seiko hii bei yake ya nje ni kati ya dola 200 na 300, halafu ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo ukiona Seiko 5 "mpya kabisa" ya elfu themanini, jiulize. Mitaani zimejaa Seiko 5 za rangi ya machungwa au bluu ya kung'aa, ambazo ndani yake ni mashine za miaka ya 1970 na 1980, uso umepakwa rangi upya, nyingi zikitokea India. Chukua lenzi, angalia maandishi: herufi nene, kingo zimevuja, namba 5 imekaa upande. Nyuma ya saa tafuta namba ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka iliotengenezwa, ya pili ni mwezi: 1 mpaka 9, kisha 0 kwa Oktoba, N Novemba, D Desemba. Ikianza na 3N, ni Novemba ya mwaka unaoishia na 3. Muuzaji anakwambia ni toleo la mwaka jana na namba inakataa? Mrudishie, mwambie asante bosi.

Ukishaipata, usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, muda ambao meno ya ndani yanakuwa yameshikana kugeuza siku. Na kwa kuwa mishale haisemi kama ni usiku au mchana, zungusha mbele mpaka uone tarehe inageuka. Hapo ndipo saa sita usiku. Endelea mpaka mshale mfupi ufike kwenye namba 6 chini, kisha ndiyo uweke tarehe. Siku inakuja kwa lugha mbili, Kiingereza na nyingine kutegemea soko ilikopelekwa. Hii ina Kiarabu, unachagua moja.

Wenye mikono myembamba, na dada zangu mnaopenda saa za mishale mikubwa kiasi, msilazimishe milimita 40. Seiko wameirudisha sura ya zamani ya SNXS yenye milimita 37.4, mashine ni ileile 4R36, maji mita 100, na haina pete ya kuzunguka.