Kaunta buku ya kwaya 3 kwa anayejiandaa kuandika kumbukumbu za maisha

Ukiingia steshenari za mjini Mwanza ukasema unataka kuandika maisha yako, utapewa kaunta buku. Chukua ya kwaya 3, kurasa 288. Ya kwaya 2 itajaa hata miaka 50 ya maisha yako hujafika.

Kabla ya kulipa, ifungue katikati. Iliyoshonwa kwa uzi hulala bapa mezani. Ya gundi tupu huachia kurasa mapema. Peni ya jeli iache, mkono wenye jasho ukipita wino unatapakaa.

Kwa kukusanya matukio, haina mpinzani. Tenga kurasa 20 kwa kila miaka 5: mwenye miaka 60 atatumia 240, na 48 zitabaki za majina na ukoo. Andika upande wa kulia tu. Wa kushoto ni wa masahihisho, maana dada yako lazima aseme haikuwa hivyo. Kila tukio lipe mambo manne: lini, wapi, nani alikuwepo, na baada ya hapo nini kilibadilika. Hilo la nne ndilo wengi hulisahau. Mwaka ukikupotea, ushikize kwenye jambo linalojulikana: Azimio la Arusha 1967, Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, MV Bukoba kuzama Mei 1996. Ukikumbuka meli ilizama mtoto wako akiwa anajifunza kutembea, mwaka umeshaupata.

Kwenye kupanga ndipo inapochemka. Kurasa zilizoshonwa hazihamishiki, kwa hiyo mtu hufuata miaka tangu kuzaliwa, na rasimu inasomeka kama barua ya kuombea kazi. Ongeza karatasi moja ya manila. Ikate nusu kwa nusu mara 5, upate vipande 32. Kila kipande tukio moja. Cha kwanza kibebe swali la kitabu, mfano: kwa nini familia ya wavuvi wa Ukerewe iliacha ziwa? Kisichosaidia kulijibu kitoe, hata kama kinachekesha. Vilivyobaki vitandaze sakafuni (feni zima kwanza), kisha jaribu kuleta mbele kile cha mambo kugeuka. Viwili vikisema badiliko lilelile, viunganishe.

Kaunta buku naipa nyota 4 kati ya 5, manila 5. Dayari za mwaka zinazoshushwa bei kuanzia Februari usizinunue kwa kazi hii: tarehe zake zinakubana ukurasa mmoja kwa siku, na msiba mmoja tu unaweza kutaka kurasa sita.