Injini ya gari la spoti imekufa: uijenge upya, ununue nyingine au ufunge ya aina tofauti?

Kabla hujaanza kupigia watu simu za bei, jiulize kwanza hiyo injini imeuliwa na nini. Wengi tunaruka hapo. Mi yamenikuta: injini ya kwanza ilizungusha beringi ya konrodi (ile fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti), yaani beringi iligeuka mahali pake, nikanunua nyingine nzima, ikafungwa vizuri, ila ile rejeta ndogo ya kupozea oili ikaachwa ileile ya zamani maana kwa nje ilikuwa haina shida. Baada ya muda mfupi nikaanza kusikia mlio, nikakata filta ya oili kwa msumeno, nikaikunjua ile karatasi juani na ikawa inametameta vichembe rangi ya shaba. Chuma cha injini ya zamani kilikuwa kimejificha mle kwenye rejeta ya oili kinashuka kidogo kidogo kwenye injini mpya. Kwa hiyo beringi ikishageuka, rejeta ya oili ni ya kutupa, usikubali mtu akwambie itaoshwa.

Kama injini bado inazunguka, mwambie fundi alete kipimo cha uvujaji wa hewa. Anapandisha pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, anapuliza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, geji inaonyesha asilimia ngapi inapotea na nyie mnasikiliza tu. Ukisikia upepo kwenye mfuniko wa kuwekea oili, hizo ni ringi au silinda imelika, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, upande wa kuvutia hewa ni valvu ya kuingizia, na maji ya rejeta yakitoa mapovu basi gasketi ya hedi imekwisha au hedi imepasuka. Ikipita asilimia 20 hivi ujue kuna kazi. Wakati mwingine unakuta bloku ni nzima kabisa, hedi tu ndo inataka matengenezo, na hapo umeokoa hela nyingi sana.

Sasa tuseme kweli imekufa. Mi ningepanga hivi.

Namba moja, jenga hiyohiyo yako, kazi kamili. Bloku unaijua historia yake, kontrolo boksi (kompyuta ya injini) na waya vinabaki vilevile, namba ya injini inaendelea kufanana na ya gari, na kwa gari la spoti la zamani hiyo inabeba thamani wakati wa kuuza. Ila kamili maana yake injini itoke kwenye gari, ifunguliwe yote, bloku iende kwa watu wa mashine. Silinda ipimwe juu, katikati na chini, afu kipimo kigeuzwe upande wa pili, maana silinda hailiki sawasawa, inakuwa na umbo la yai na juu inapanuka kuliko chini. Krankshafti ipimwe na ikaguliwe nyufa. Na mwanya wa ringi uwekwe kulingana na matumizi: injini yenye turbo inataka mwanya mkubwa zaidi, kwa sababu ringi ikipata moto inarefuka, ncha zikigusana zinasukuma ukuta wa silinda na zinaweza kuvunja kingo za pistoni. Mwombe fundi karatasi yenye vipimo vyote vimeandikwa. Asiyeweza kukupa hiyo karatasi hajapima, basi.

Na hapa nasema kwa uchungu kabisa, ile ya ringi mpya na beringi mpya huku bloku iko palepale ndani ya gari siiweki hata kwenye orodha. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika zitakula oili kama zile za mwanzo.

Namba mbili, nusu injini, yaani bloku yenye krankshafti na pistoni bila hedi, iwe mpya au iliyojengwa upya na watu wa kazi hiyo. Hii ni pale konrodi imetoboa bloku au nyufa zimeingia. Hedi yako inakaguliwa na kurudi juu. Uliza garantii inalipia spea tu au na kazi ya kutoa na kurudisha, hapo ndo watu wanaumia.

Namba tatu, injini yuzdi ya aina ileile. Inafaa sana kwa injini zinazojulikana ni ngumu, lakini usinunue iliyolala chini bila kufungua sampu (karai la oili chini ya injini) na kutazama kuna nini. Kuna zingine sikushauri kabisa. Chukua Mazda RX-8, iliyotengenezwa 2003 hadi 2012, ina rota mbili badala ya pistoni na kinachokufa ni sili za kwenye ncha za rota, na kila rota ina pande tatu, kwa hiyo geji ya kawaida inakuonyesha upande wenye nguvu tu na huwezi jua hizo mbili zikoje. Inatakiwa kipimo chake maalum, bila hicho unanunua gizani. Porsche 911 za kawaida (si Turbo wala GT3) na Boxster, za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008, nazo zina ile beringi ya shafti ya kati, shafti inayopeleka mzunguko wa krankshafti kwenye kamshafti, ikifa chuma kinatapakaa kote na taimingi inaweza kuruka valvu zikapiga pistoni. Zile za mwishomwisho, 2006 mpaka 2008, beringi ni kubwa na haitoki bila kutenganisha bloku vipande viwili, kwa hiyo injini ikishafunguliwa usirudishe bila kuishughulikia.

Namba nne, injini ya aina nyingine. LS1, V8 ya General Motors iliyoanza na Corvette ya 1997, inapendwa kwa sababu ni ya aluminiamu na kamshafti iko ndani ya bloku, hedi zinakuwa fupi inaingia sehemu nyingi. 2JZ, ile ya Toyota yenye silinda sita kwa mstari, ni ngumu kweli ila bloku ni ya chuma na ni ndefu, pua ya gari inakuwa nzito na kona unazisikia. Bei ya injini hapo ni mwanzo tu, bado maunti, waya, giaboksi, rejeta, ekzosi. Ukiamua, nunua gari zima lililogongwa uhamishe vyote, maana kutafuta kontrolo boksi na waya kimoja kimoja kunachosha.

Yoyote utakayochagua, siku ya kuwasha kwanza toa plagi, zungusha kwa stata mpaka presha ya oili ipande, ndo urudishe plagi uwashe. Oili ya kwanza mwaga mapema, na ile filta uikate uiangalie juani.