TAHADHARI: Riflekta feki zenye lebo ya daraja la 2 zinauzwa kwenye maghala na yadi za makontena

Ndugu zangu wa stoo, wa manunuzi na wa usalama kazini, someni hii kabla hamjasaini LPO (hati ya kuagiza mzigo) ya riflekta, yaani vile vizibao vya kazi vyenye utepe unaorudisha mwanga. Tumepigwa. Kuna mtu anazunguka kwenye maghala na yadi za makontena hapa Dar es Salaam, ana sampuli safi kwenye begi na cheti kilichopigwa lamineti, na mzigo anaokuja kukushushia hauna undugu wowote na alichokuonyesha. Jina siliweki hapa kwa sababu malalamiko yameshapelekwa panapohusika. Lakini namna anavyofanya kazi yake nitaieleza yote, maana ndiyo hiyo hiyo atakayokuja nayo kwenu.

Zile riflekta za njano tulizokuwa nazo kabla ya hizi zililalamikiwa. Safari hii ilitakiwa kitu kinachokubalika: daraja la 2 (madaraja ni matatu, yanatofautiana kwa ukubwa wa kitambaa kinachowaka na utepe), kitambaa kinachopitisha hewa, vijana wavae kuanzia asubuhi hadi jioni bila kuchemka.

Alikuja saa saba mchana, bati la ghala likiwa moto kweli kweli. Akatoa riflekta ya rangi ya chungwa, kitambaa cha matundu madogo madogo. Akaigeuza ndani nje, akaonyesha lebo ya kitambaa iliyoshonewa ndani ya mshono wa ubavuni: mchoro wa kizibao, pembeni namba 2, chini EN ISO 20471:2013 (kiwango cha nguo za kuonekana kwa urahisi kazini), saizi, alama ya kufua nyuzi 40, na maneno kwamba ukomo wa kufua ni mara 25. Akamwita kijana mmoja wa kupakia, akamwambia aweke kitambaa mdomoni apulize. Pumzi ikapita mpaka upande wa pili. Halafu yeye mwenyewe, si sisi, akaomba taa zizimwe na mlango ufungwe. Akaitundika kwenye raki ya mwisho kabisa, akarudi mlangoni, akasema: "Kiongozi, weka tochi ya simu hapa, kando ya jicho lako." Utepe ukawaka wote, mistari miwili ya kuzunguka kiwiliwili na miwili ya mabegani. Akasema sasa peleka simu mbali na uso, nyoosha mkono. Mwanga ukapungua. Na hivyo ndivyo utepe halisi unavyofanya: unarudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwa hiyo anayeuona vizuri ni yule ambaye jicho lake liko karibu na taa, kama dereva nyuma ya taa za gari.

Mtu wa namna hiyo utamdhania tapeli kwa lipi? Alitaja mwenyewe kwamba daraja la 2 linataka kitambaa cha rangi inayowaka kisichopungua mita za mraba 0.50 na utepe usiopungua mita za mraba 0.13, na kwamba vipimo hivyo lazima vitimie hata kwenye saizi ndogo kuliko zote. Ni kweli tupu. Alitaja kwamba daraja la 1 ni 0.14 na 0.10, la 3 ni 0.80 na 0.20. Kweli tena. TIN anayo, risiti ya EFD anatoa, glavu alizowahi kuleta zilikuwa sawa. Na bei haikuwa ya kutupa: shilingi 14,500 kwa moja, wakati zile za barabarani zinakwenda kwa chini ya nusu ya hapo. Angeuza kwa 4,000 angeshtukiwa siku ile ile. Aliipanga bei ya mtu mkweli.

Malipo ya awali asilimia 70, iliyobaki baada ya mzigo kushuka. Katoni sita, kila moja riflekta 40. Katoni mbili zikafunguliwa mbele yake, za juu zikatolewa, zikapulizwa, zikamulikwa. Zote safi. Gari likaondoka, hela ikamaliziwa. Chini ya zile za juu, katoni zote sita, kulikuwa na takataka.

Kitambaa ni cha kufuma kwa kubana, na upande wa ndani kimepakwa plastiki. Puliza, hewa haipiti. Utepe una upana wa milimita 40, na ukiupima wote kwa futi ya fundi cherehani unapata mita 2 na sentimita 10. Zidisha: 0.04 mara 2.1 ni mita za mraba 0.084. Hiyo haifiki hata daraja la 1, na lebo imeandikwa 2! Utepe wenye upana sahihi wa milimita 50 unahitaji urefu wa mita 2.6 ndipo ufikishe 0.13. Hesabu ya dakika moja, futi ya shilingi mia tano. Na lebo zao zinafanana na ya sampuli kwa mbali tu. Zimebandikwa kwa gundi, ukiweka ukucha pembeni inaachia, na ule mstari wa ukomo wa kufua haupo.

Kuhusu joto, wauzaji wengi wanalichukulia kama suala la starehe. Kijana anayebeba magunia kwenye ghala la bati akivishwa plastiki, jasho halina pa kukaukia, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Atafanya nini? Atafungua mbele yote, au ataikunja aifunge kiunoni. Mstari wa kifuani umepotea, wa mgongoni umepotea, na foklifti inarudi kinyumenyume. Riflekta isiyovalika kwenye joto ni sawa na kutokuwa na riflekta. Kwa hali ya hewa ya kwetu inayofaa ni poliesta ya kufuma kwa matundu au ya fulana, gramu 120 hivi kwa mita ya mraba. Bora zaidi ni fulana yenyewe ya kazi iwe ndiyo riflekta, kijana avae nguo moja badala ya kizibao juu ya shati juu ya singlendi. Kwenye fulana tafuteni utepe wa vipande vipande uliobandikwa kwa joto, maana nafasi kati ya vipande zinapitisha jasho, wakati utepe mzima ulioshonwa unakuwa ukanda wa mpira kifuani. Na msidanganywe na neno "pamba asilimia mia". Pamba tupu haishiki vizuri zile rangi zinazowaka. Zinazofaulu ni mchanganyiko wenye poliesta upande wa nje na pamba upande wa ngozi.

Turudi kwa tapeli wetu. Baada ya kufuliwa mara chache tu chungwa likawa waridi lililopauka, na utepe ukaanza kuchubuka kama ganda la kitunguu. Alipopigiwa simu akasema vijana wetu wanasugua kwa brashi na kutia Jiki. Msikilizeni jibu hilo kwa makini, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Jiki inaua rangi inayowaka, brashi inang'oa shanga ndogo za kioo zilizo kwenye utepe, pasi ya moto inaumaliza utepe kabisa, na kuanika juani kutwa kunapausha hata riflekta halali. Afuaye afue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, aigeuze ndani nje, aanike kivulini. Lakini zilichukuliwa ambazo hazijawahi kuvaliwa, zimetoka kwenye nailoni yake. Kitambaa cheupe kilicholowa maji, kikisuguliwa juu yake mara kumi, kilitoka na rangi ya chungwa. Ghala likafungwa giza, hatua kumi na tano, tochi kando ya jicho: kijivu tu. Jiki imetoka wapi hapo? Utepe mpya unatakiwa kurudisha angalau 330 kwa kipimo cha kandela kwa laksi kwa mita ya mraba, kwenye pembe ya kawaida ya kupimia, na baada ya majaribio ya kufua, kukunja na kusugua usishuke chini ya 100. Ule wake ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ukiumulika kwa karibu, hatua moja au mbili, unang'aa kama kitu chochote cha fedha. Ndiyo maana picha anazotuma kwa simu zinapendeza, zimepigwa kwa flashi karibu.

Jaribio jingine ni la taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, ile iliyopo kwenye kaunta nyingi. Rangi halisi inayowaka, ya njano au ya chungwa, inaruka chini ya taa ile kana kwamba ina umeme ndani. Hizi zake zilikaa kimya, ni rangi ya kawaida tu iliyokolezwa. Angalieni pia kwamba chini ya taa za ghala, ambazo hazina miali ya urujuanimno kama ya jua, hata rangi halali inapungua nguvu. Kwa hiyo ndani ya ghala na usiku utepe ndio unaobeba kazi, na foklifti yenyewe lazima iwe na taa za mbele na za nyuma zinazowaka.

Na cheti. Hapa ndipo hasira inaponipanda. Kile cheti ni cha kweli, lakini ni cha utepe! Ni ripoti ya maabara ya kiwanda cha utepe, inasema utepe wa aina fulani umefaulu. Haisemi lolote kuhusu nguo iliyoshonwa Kariakoo au popote pale kwa utepe mwingine. Cheti cha nguo kina namba ya modeli, na namba hiyo lazima iwe ile ile iliyo kwenye lebo. Kina jina na namba yenye tarakimu nne ya taasisi iliyokitoa, ambayo unaweza kuitafuta kwenye NANDO, orodha ya Tume ya Ulaya ya taasisi zinazoruhusiwa kuthibitisha bidhaa, bila kulipa chochote, ukaona kama ipo na kama inaruhusiwa kuthibitisha nguo za kujikinga. Chini ya kanuni ya Ulaya ya 2016/425 cheti hakizidi miaka mitano. Ukiona kimeandikwa EN 471, hicho ni kiwango kilichoondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na EN ISO 20471 mwaka 2013. Na zile namba nne alizokuwa anagonga kwa kidole pembeni ya CE (alama ya bidhaa inayofuata kanuni za Ulaya) kwenye lebo, akisema ndizo ushahidi, wala hazitakiwi kwenye riflekta ya kawaida: iko kundi la pili la vifaa vya kujikinga, namba ya pembeni ya CE ni ya kundi la tatu, la hatari kubwa zaidi. Alijua. Mtu aliyejua 0.50 na 0.13 alijua na hilo.

Kibaya zaidi, riflekta hizo hizo amewauzia mafundi wa kuchomelea akiwaambia hazishiki moto. Poliesta iliyopakwa plastiki mbele ya cheche! Inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Fundi wa kuchomelea anahitaji nguo yenye EN ISO 11611 (kiwango cha nguo za kuchomelea) pamoja na hiyo 20471, zote mbili ziwe kwenye lebo moja. Huyu hafai kurudishiwa hela tu yaishe. Afungiwe leseni, mzigo wake ukamatwe wote uteketezwe hadharani, afikishwe mahakamani. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo na FCC (Tume ya Ushindani) ndio wanaoisimamia, TBS (Shirika la Viwango) wana Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) wakija kukagua hawamtafuti yeye, wanamkuta mwajiri, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye awape watu vifaa vya kujikinga. Yeye ameshakula hela, aibu mbele ya vijana na faili mezani kwa mkaguzi vinabaki kwa wengine. Watu wa namna hii wakiachwa watakuja kuua mtu yadini usiku, halafu watauza nyingine kwenye kampuni ya jirani.

Dalili zake kwa haraka: anasisitiza upime sampuli, lakini kwenye kupima mzigo anakuharakisha. Katoni anachagua yeye ya kufungua. Risiti yake imeandikwa "vesti" basi, haina kiwango wala daraja wala modeli. Hataki sampuli ibaki kwako.

Kwa hiyo sampuli ibaki, isainiwe na pande zote mbili juu ya lebo, ifungwe kwenye mfuko. LPO iandikwe yote: EN ISO 20471:2013 na marekebisho ya 2016, daraja la 2, namba ya modeli, gramu za kitambaa, upana wa utepe milimita 50, ukomo wa kufua. Mzigo ukifika, katoni zimwagwe sakafuni, zitolewe za juu, za kati na za chini kabisa, kila moja ipulizwe, ipimwe kwa futi, imulikwe gizani. Gari lisubiri. Asiyeweza kusubiri aondoke na mzigo wake.

Mwenye mzigo wa mtu huyu asiugawe kwa bodaboda wala asiuchome moto. Weka riflekta angalau tano kwenye nailoni zake bila kufuliwa, katoni yenye maandishi, risiti ya EFD, kopi ya kile cheti na ujumbe wake wa simu, na uorodheshe idadi. Malalamiko ya pamoja yanaandikwa, na kila kampuni inayoongezeka inafanya iwe vigumu kwake kusema ni suala la Jiki.